Maktaba Yetu Imefundishwa Kusema

Tallmyran, Västerbotten,
Uswidi.
Jumapili, 16 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Hilding,

Nimekaa mezani jikoni, jua la Machi linanipiga usoni na theluji inadondoka kutoka paani kwa vishindo. Pokea salamu zangu nyingi, nyingi kuliko za barua iliyopita, maana ile niliiandika nikiwa na mafua na hii naiandika nikiwa na furaha. U hali gani huko Tasmania? Goti limekubali kukunjwa tangu walipolipasua, au bado unashuka ngazi kinyumenyume? Na wifi yangu Noreen, shinikizo la damu limetulia? Mwambie apunguze chumvi, na asikusikilize wewe ukimwambia chakula kimepooza.

Mimi ni mzima. Mgongo unanikumbusha umri kila ninaposhika koleo la theluji, lakini nalala vizuri na kula nakula vizuri mno. Ziwa bado limeganda, na watu wanashinda huko juu ya barafu wakivua kupitia matundu yao na kuungua nyuso kwa jua.

Katika barua yako uliniuliza jambo moja na ukalipigia mstari: je, kaka yetu Evert amekubali kuhamia mjini Umeå? Najua sasa hivi macho yako yanataka kukimbilia chini kutafuta jibu. Usikimbie. Jibu lipo, lakini lilipita maktabani kwetu kabla ya kunifikia, na nataka lipite huko kwako pia.

Unajua tulipoishia. Tangu macho ya kaka yetu yazime, majira mawili ya baridi sasa, alijifungia katika nyumba ya baba na mama, yeye na redio. Mtu aliyeendesha lori la magogo maisha yake yote, aliyekuwa akizijua kona zote hadi mpaka wa Norway, alikuwa hatoki hata kwenda langoni kuchukua gazeti, kwa kuwa gazeti la nini. Ndipo ikapatikana ile nafasi Umeå, kwenye nyumba za wazee za kisasa zenye lifti na mtu wa zamu. Jibu lilitakiwa kabla Machi haijaisha. Wewe na mimi tukaona ni jambo jema, tukakubaliana kwenye simu. Tulichagua mpaka rangi ya mapazia, Hilding, mapazia ya mtu asiyeona.

Lakini usingizi ulikuwa haunijii. Umeå hana hata mtu mmoja. Nilimwona akilini mwangu amekaa kwenye kiti kizuri zaidi, anasikiliza redio ile ile, na mimi niko mbali naye safari nzima ya basi. Niliogopa kwamba tunampoteza kaka yetu angali hai, na tunampoteza kwa adabu na mpangilio mzuri.

Basi mwezi uliopita tuliletewa mwalimu wa kutufunza sisi wafanyakazi wa maktaba namna ya kuwahudumia vizuri watu wenye ulemavu. Sisi tuko watatu tu: mkuu wetu Solbritt, ambaye anapenda ukimya kuliko vitabu vyenyewe, mimi, na Sixten. Sixten unamkumbuka, mshindani wa Evert katika mashindano ya kuvua kwenye barafu. Bado ni yule yule. Husema maneno machache siku za kazi na Jumapili huyapumzisha hata hayo.

Mwalimu anaitwa Mirjam, ametoka Göteborg, anatumia kiti cha magurudumu, na anaongea kama watu wa Göteborg waongeavyo, yaani hana kituo. Alifika mapema bila kutuambia yeye ni nani. Akaingia kama mteja yeyote, akaanza kuzunguka.

Ukumbuke tulivyolelewa, Hilding. Huku kwetu mwenye adabu hamsumbui mwenzake. Tulimwona vizuri yule mama. Tulimwona akishindwa kupita kati ya rafu, kwa sababu Solbritt alikuwa ameweka hapo meza ya vitabu vya kufuma. Tulimwona akilinyooshea mkono tundu la kurudishia vitabu lililo juu mno kwake. Na kila mmoja wetu akajitia ana kazi, ili mgeni asijisikie anatazamwa. Mimi nilipanga rafu moja, nikaipangua, nikaipanga tena.

Mwishowe akaja mezani.

"Jamani," akasema, "nimezunguka humu mpaka nikadhani nimekufa na hakuna aliyeniambia."

Solbritt akawa mwekundu hadi masikioni. "Hatukutaka kukusumbua."

"Nisumbueni basi. Nimepanda treni na basi kutoka Göteborg, nataka kusumbuliwa."

Akajitambulisha, na tukataka ardhi ipasuke. Akaniuliza kama kweli mimi ni mkutubi wa hapa, nami nikamjibu kwa kuvuta ile pumzi fupi kinywani, kama sote tunavyoitikia huku tukikubali jambo. Akanitazama kwa huruma na kuniuliza kama nina pumu. Nilipomweleza kwamba hiyo ndiyo "ndiyo" yetu, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Sasa naijua kazi yangu," akasema.

Siku hiyo alitufunga macho kwa zamu. Alianza na Sixten. Kazi ya Sixten ilikuwa kuingia mlangoni, kufika mezani na kuazima kitabu cha uvuvi. Kazi yangu na Solbritt ilikuwa kumhudumia. Sixten akaingia, akapiga hatua chache, akasimama katikati ya ukumbi. Sisi tukamsogelea kwa heshima zote, mmoja kushoto na mmoja kulia, mikono tayari asije akaanguka. Hakuna aliyesema neno. Yeye anasikiliza, sisi tunapumua.

"Kuna mtu hapa?" akauliza Sixten.

Hilding, tuliitikia kwa kichwa. Mimi na Solbritt, wote wawili, tena kwa nguvu, ili aelewe kwamba tupo.

Mirjam alicheka mpaka akashindwa kukizuia kiti chake kisirudi nyuma. Solbritt naye ikambidi aegemee rafu. Sijawahi kumwona mkuu wangu amecheka namna ile tangu aniajiri. Na Sixten, kitambaa bado usoni, anageuka huku na huku akiuliza, "Nini? Kuna nini? Mbona hamsemi?" Tulivunjika mbavu, halafu nikatulia ghafla, kwa sababu nilimkumbuka Evert. Alijaribu kuja maktabani mara moja, mwanzoni kabisa, nikiwa likizo. Alikaa kidogo akarudi nyumbani. Aliniambia tu kwamba siku hiyo hapakuwa na mtu. Nami nilijua fika kwamba Solbritt na Sixten wote walikuwa zamu.

Baada ya hapo tulifundishwa mambo ambayo kuyaelewa ni rahisi, na kuyatenda kwa watu waliozaliwa Tallmyran ni mateso. Unamkaribia mtu asiyeona, unataja jina lako. Ukiondoka unamwambia, asibaki akizungumza na kabati. Unauliza kabla ya kumshika mkono. Anayesikia kwa shida usimnong'oneze, maana huenda anakusoma midomo. Mtazame, useme kwa sauti yako ya kawaida. Na unazungumza na mteja mwenyewe, si na dada yake aliyemsindikiza. Hapo nilijitambua. Sixten alisumbuliwa sana na neno "pale". Kila akiulizwa kitabu kiko wapi alisema "pale", na kidole kilikuwa kinanyooka chenyewe kama si chake.

Meza ya kufuma ikahamia dirishani na njia ikafunguka. Solbritt alilalamika kidogo, kisha akakubali kwamba ukumbi umependeza.

Mirjam akataka kesho yake aje mtu wa kweli, mwenyeji wa hapa, atupime. Akanitazama mimi. Sijui nani alimwambia.

Nilipitia kwa Evert nikitoka kazini.

"Nije nitazamwe na watu ambao siwezi kuwatazama?" akasema. "Acha zako, Ragnvi. Mimi si mnyama wa maonyesho."

"Ni kahawa tu, kaka."

"Kahawa ninayo."

"Leo Sixten alifungwa macho," nikamwambia. "Akasimama katikati ya ukumbi anaita watu, na sisi tuko naye pale pale, tunamwitikia kwa vichwa."

Akaizima redio.

"Sixten aliita?"

"Aliita."

"Kwa sauti?"

"Sauti ya kusikika hadi barabarani."

Kwanza mabega yake yakatikisika, kisha kikatoka kile kicheko chake cha zamani, cha kukohoa katikati. Sikuwa nimekisikia tangu macho yake yazime. Nikageukia dirishani nijifute machozi asinione. Unaona mazoea yalivyo.

"Saa ngapi hiyo kahawa?" akauliza.

Asubuhi nilimchukua kwa kile kiti cha mama cha kuteleza juu ya theluji, chenye vyuma viwili virefu. Mmoja hukaa mbele na mwingine husimama nyuma akisukuma kwa mguu. Nilimwonyesha pa kukaa kwa kumshika mkono, yaani baada ya kumwomba ruhusa. Hakukaa.

"Kaa wewe," akasema. "Macho ni yako, miguu ni yangu."

Nikakaa. Nakwambia, mtu huyu hajasahau kwamba alikuwa dereva. Alitupeleka barabara nzima kwa kasi ya lori tupu, mimi nimeushika ukingo wa kiti nikipiga kelele: kulia, kulia zaidi, simama, gari la posta! Mtu wa posta alisimama kutupisha na kutuvulia kofia. Nilifika maktabani sauti imekauka na kofia yangu sijui imebaki wapi.

Lakini sisi tukifundishwa jambo tunalifanya mpaka lipite kiasi. Evert alipoingia tu, Solbritt na Sixten walitaja majina yao kwa pamoja. Kisha Solbritt akaanza kumweleza ukumbi: rafu ziko hivi, taa ni mpya, mapazia yana milia, dari ina madoa kidogo kwa sababu ya uvujaji wa mwaka juzi. Sixten akawa anasema "kushoto kwako, kulia kwako" hata kabla Evert hajatikisika. Mimi nami nikaongeza yangu.

Evert akainua fimbo yake nyeupe.

"Hii ni maktaba au mnada?"

Tukanyamaza sote. Mirjam alikuwa pembeni na kikombe chake, na nikaona amekusudia kutoingilia. Niliogopa. Nilimjua kaka yangu. Akigeuka sasa, harudi tena, na hapo Umeå imekwisha kushinda.

Ndipo Sixten akasafisha koo.

"Evert, ni mimi, Sixten. Niko mbele yako, hatua kama mbili. Unataka nini?"

Hilding, swali dogo hilo. Evert alikaa nalo muda mrefu, na safari hii ukimya wetu wa Tallmyran ulitufaa, kwa sababu hakuna aliyemkatiza. Nami nilisimama pale nikifikiri: majira mawili ya baridi tumemwambia anachohitaji. Daktari kamwambia, wewe umemwambia, mimi nimemwambia kila Jumapili. Hakuna aliyemuuliza.

"Nataka gazeti," akasema mwishowe. "Nataka nani kafa, nani kapata samaki gani, na zile barua za wasomaji wanaolalamikia barabara. Lakini sitaki kusomewa na redio. Redio haibishani. Nataka mtu nimwambie kwamba huyo aliyeandika ni mpumbavu, naye aseme hapana."

"Gazeti mimi hulisoma Alhamisi wakati wa kahawa," akasema Sixten. "Naweza kulisoma kwa sauti."

"Hapa ndani?"

"Hapa ndani."

Sote tukamgeukia Solbritt. Unamjua Solbritt, kuna watu wazima katika mji huu ambao bado hawathubutu kupiga chafya mbele yake. Ukumbi wake ni wa kimya tangu alipokabidhiwa, na sasa watu wawili wenye vichwa vigumu wanataka kubishana ndani yake kila wiki. Alilitazama lile bango la ukimya ukutani. Akamtazama Evert. Kisha akavuta ile pumzi fupi.

"Nimeisikia," akasema Evert. "Asante, Solbritt."

Mirjam alinambia baadaye kwamba amefundisha maktaba nyingi na hajawahi kuondoka akiwa na furaha kama ile. Tulimnywesha kahawa yenye vipande vya jibini ndani yake, kama ilivyo desturi yetu, akasema hilo nalo linahitaji mafunzo ya siku mbili. Tulimpungia mkono mpaka basi likapotea.

Sasa ngoja nikusimulie hizi Alhamisi. Ya kwanza walikuwa wawili tu, na barua ya mtu mmoja kuhusu pikipiki za theluji iliwachukua saa nzima. Ya pili akaja bibi mmoja asiyesikia vizuri, akaketi karibu na Sixten amtazame mdomo, na kumbe naye ana maneno. Sasa wamekuwa wengi hadi tunaongeza viti, na Solbritt hupita akijifanya anatafuta kitabu, kumbe anataka kusikia. Sixten anasoma kwa sauti ya kueleweka, na akifika kwenye matokeo ya uvuvi hupunguza mwendo makusudi kama jina lake limo. Evert humwambia kwamba samaki yule alikuwa wa kununuliwa dukani. Wote wawili wana furaha isiyo na haya.

Evert haji tena na mimi. Anakuja peke yake. Kila Alhamisi asubuhi Sixten huamka, akapiga koleo ukingo wa theluji kutoka lango la nyumba ya baba mpaka mlango wa maktaba, ukawa wima na mnyoofu, ili fimbo ipate ukuta wa kufuata. Jambo kama hilo watu wa huku hulifanya kimyakimya na kulificha hadi kaburini. Lakini Sixten wa siku hizi alimpigia simu Evert akamwambia, "Nimekutengenezea njia. Ifuate kwa mkono wa kulia." Evert akanieleza hayo mwenyewe, na alipofika katikati akageukia kikombe chake, akalalamika kwamba kahawa ni ya moto.

Alhamisi hii iliyopita niliona mwenyewe kwa dirisha. Anakuja, kofia imekaa upande, fimbo inagusa ukingo, mwendo wa mtu anayechelewa kazini. Akafungua mlango.

"Evert, ni Sixten. Niko mezani."

"Najua. Nimekusikia tangu njiani. Unaongea sana siku hizi."

Nilifurahi mpaka nikakosa pa kuiweka furaha yenyewe. Nikaenda stoo nikasimama kati ya maboksi nikacheka peke yangu.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo mama wa zile nyumba za wazee Umeå alikuwa amempigia simu kutaka jibu. Evert alimwambia apige tena kesho, kwa kuwa yeye anakimbilia maktabani. Jioni nikaenda kwake. Nilikuwa na hotuba yangu tayari, ya lifti na mtu wa zamu na jinsi wewe unavyosema, na nyingine kinyume chake kabisa, maana moyo wangu ulikuwa umegawanyika. Nikavua viatu, nikaketi mbele yake, nikaziacha zote mbili.

"Kaka, ni Ragnvi," nikasema. "Unataka nini?"

Akacheka kwanza, akasema Mirjam ametuharibu. Kisha akanijibu, na akanituma nikupe jibu hilo kwa maneno yake mwenyewe. Nimeliweka hapa chini kati ya salamu, kwa kuwa ndivyo alivyotaka, kwamba ni salamu tu na wala si habari kubwa.

Sasa karatasi inaniishia. Msalimie sana Noreen, umwambie soksi za sufu nimezimaliza na zitakuja na posta. Wabusu wanao, Signe na Oskar, na umwambie Signe shangazi yake anasubiri picha ya farasi. Solbritt anakusalimu, anasema kuna kitabu uliazima ukiwa kijana na bado anakikumbuka. Sixten hakusema kitu, ila alitikisa kichwa, na nikamwambia kwamba hicho sikiandiki mpaka akitamke. Akatamka: "Msalimie Hilding." Mungu akutunze wewe na nyumba yako, awape baridi ya upole mnapoingia kwenye majira yenu ya baridi huko chini, na atujalie tuonane sote tukiwa bado tunatambuana.

Kaka yetu Evert naye anakusalimu sana. Anasema nafasi ya Umeå amemwachia mtu mwingine, na ukitaka kumwandikia, anwani yake ni ile ile uliyozaliwa nayo. Anasema pia uandike barua ndefu na yenye makosa, maana itasomwa kwa sauti Alhamisi.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Ragnvi